Barabara inajengwa mlangoni kwetu, tumwendee nani?

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Arua, Uganda. Barabara ya mtaani kwetu imeanza kuwekwa lami na mwanzoni tulifurahi sana. Lakini magari yote yamehamishiwa kwenye njia yetu ya ndani, ile nyembamba inayopita kati ya nyumba. Tipa za kokoto zinapita mpaka usiku wa manane, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, mtoto wangu wa mwisho ana pumu, na ukuta wa chumba cha kulala umepata ufa. Juu ya hayo jirani anajenga ghorofa, saruji yake inashushwa usiku. Mkandarasi anasema tumwendee mwenye mradi. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wetu, anasema maendeleo yana gharama, tuvumilie. Tuanzie wapi, na je, kuna fidia?

Jibu: Pole sana, dada yangu. Nitaanza na mtoto, kwa sababu barua na vikao vinaweza kungoja wiki, kifua hakingoji.

Alale chumba kilicho mbali zaidi na njia, hata kama wakubwa itabidi wahamie cha mbele. Madirisha ya upande wa barabara yafungwe saa ambazo tipa zinapita kwa wingi, yafunguliwe alfajiri kabla kazi haijaanza ili hewa ibadilike. Msifagie sakafu ikiwa kavu. Nyunyizeni maji kwanza au pigeni deki, maana ufagio mkavu huinua tena vumbi lililokwisha kutua. Sigiri ya makaa isiwashwe ndani hata mvua ikinyesha. Moshi ukijumlishwa na vumbi ndio humwangusha mtoto wa pumu. Dawa yake ya kuvuta ikae mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua. Akianza kuvuta pumzi mpaka mbavu zinabonyea, akashindwa kumaliza sentensi moja bila kutweta, au midomo ikabadilika rangi, msingoje kupambazuke, mpelekeni hospitali ya rufaa. Na kila mnapokwenda kliniki, ombeni karatasi yenye tarehe na maandishi ya daktari. Itawafaa kwa matibabu, na itawafaa tena kwenye madai.

Sasa turudi barabarani. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa upande wa jamii na mazingira katika miradi ya barabara, na kuna jambo moja ninalotaka ulishike kuliko yote. Karibu kila kero uliyoitaja imo ndani ya mkataba wa barabara hiyo, na imewekewa bei. Kumwaga maji ili vumbi litulie, kuweka vibao, kuwalipa watu wa kupeperusha bendera, kutengeneza mchepuko na kuutunza, kuacha vivuko vya kuingilia majumbani na madukani, yote hayo mkandarasi aliyapigia hesabu siku alipoomba kazi. Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ina kitabu cha masharti ya kiufundi ya kazi za barabara na madaraja cha mwaka 2005, ambacho mikataba mingi ya barabara Uganda imekitegemea, na humo kuna sehemu nzima, ya 1500, inayohusu namna ya kuhudumia magari na wapita njia ujenzi ukiwa unaendelea. Kwa kawaida kila mwezi mkandarasi huandaa madai ya malipo, mhandisi msimamizi huyakagua na kutia saini, ndipo fedha hutoka.

Kwa hiyo bauza la maji lisipopita mtaani kwenu wiki nzima, hapo kuna kazi ya mkataba ambayo haikufanyika, na mtu fulani atatakiwa kutia saini kwamba ilifanyika. Mkienda saitini kuomba huruma, mtajibiwa kwa huruma: pole mama, tutaangalia. Mkienda kuuliza, je, maji ya kutuliza vumbi ya mwezi huu yameombewa malipo, na yalimwagwa siku zipi, mazungumzo yanabadilika hapo hapo. Nimewaona wasimamizi wa saiti waliokuwa wakijibu wakiwa ndani ya gari, kioo nusu, wakishuka na kutafuta daftari baada ya kuulizwa swali hilo moja.

Ni nani wa kuulizwa? Kwenye barabara yenu kuna wakubwa watatu, na watu huwachanganya. Kuna mkandarasi, mwenye mitambo na vibarua. Kuna mhandisi msimamizi, ambaye kwa kawaida ni wa kampuni nyingine ya ushauri, au kwenye kazi ndogo ni mhandisi wa jiji mwenyewe. Na kuna mwenye mradi, yaani serikali au halmashauri inayotoa fedha. Majina ya wote watatu hutakiwa kuandikwa kwenye kile kibao kikubwa cha mradi kilichosimikwa mwanzo wa barabara. Kipige picha leo. Kama barabara ni ya jiji, mwenye mradi ni halmashauri ya jiji la Arua. Kama ni barabara ya taifa, zamani ungeambiwa uende UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, lakini mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2024 na kazi zake zikarudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi.

Mkandarasi alipokwambia umwendee mwenye mradi, alikurusha mbali makusudi. Mtu wa kumwona ni yule wa katikati, mhandisi msimamizi. Yeye ndiye anayeweza kumwandikia mkandarasi amri ambayo haiwezi kupuuzwa, na ndiye anayeweza kukataa kupitisha malipo ya kazi isiyofanyika. Fundi mkuu wa saiti hana uwezo huo, hata akiwa mtu mwema na mnasalimiana kila asubuhi.

Mwandikieni barua. Najua watu wengi wamechoka na barua, lakini malalamiko ya mdomo kwenye ujenzi hayana mahali pa kukaa. Kila mwezi hufanyika kikao cha saiti ambapo mkandarasi, msimamizi na mwenye mradi hukaa meza moja na kuandika muhtasari. Barua iliyopokelewa kabla ya kikao huingia kwenye muhtasari huo, na jambo likishaandikwa hapo, kikao kinachofuata lazima mtu aeleze amelifanyia nini. Hapo ndipo mnapotaka kufika.

Barua yenyewe isiseme "tunateseka na vumbi". Kila mtaa unaopakana na ujenzi unaandika hivyo, na mhandisi hawezi kutoa amri juu ya mateso. Iandikeni hivi: "Jumatatu hadi Ijumaa wiki iliyopita gari la maji lilipita mara moja tu, Jumatano saa tatu asubuhi. Usiku wa kuamkia Alhamisi, kati ya saa tano na saa nane, tipa zilizobeba kokoto bila turubai zilipita njia ya ndani mbele ya msikiti, na namba za mbili kati ya hizo ni hizi." Daftari la bei ndogo linatosha kwa kazi hiyo. Mpeni kijana mmoja anayejua kuandika vizuri alitunze: tarehe, saa, kilichotokea, mahali, namba ya gari. Baada ya wiki mbili mtakuwa na ushahidi ambao hata mkandarasi hana.

Barua ipitie kwa mwenyekiti wa LC1 aigonge muhuri. Usigombane naye. Kusema mvumilie ni jibu la mtu ambaye hajaona njia, na mkimpelekea barua iliyokwisha andikwa, inayomtaka agonge muhuri na kutia saini tu, wengi hukubali kwa moyo mmoja. Nakala ziende kwa afisa mazingira wa jiji, afisa maendeleo ya jamii, diwani wenu na ofisi ya divisheni. Na nakala mnayobaki nayo, hakikisheni kila ofisi imeigonga muhuri wa kupokea wenye tarehe. Bila muhuri huo, mwezi ujao mtaambiwa barua haijafika.

Ulizeni pia kama mradi una kamati ya malalamiko. Miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika hutakiwa kuwa nayo, pamoja na daftari la malalamiko ambalo kila mtu anayefika hupewa namba. Namba hiyo iandikeni kwenye daftari lenu.

Mwombe nini hasa? Muwe na madai machache yanayoweza kupimwa. Kiangazi cha Arua, kuanzia Desemba hadi Machi, jua hukausha moramu, ule udongo wa changarawe wa barabarani, uliomwagiwa maji kabla hamjamaliza kunywa chai, kwa hiyo maji ya mara moja asubuhi ni kujifurahisha. Ombeni yamwagwe asubuhi kabla tipa hazijaanza, tena adhuhuri, tena alasiri, na siku za upepo zaidi ya hapo. Ombeni mwendo wa magari ya mradi kwenye njia ya ndani usizidi kilomita 30 kwa saa, maana vumbi hufuata mwendo. Tipa ile ile ikipita polepole huinua vumbi dogo sana kuliko ikipita mbio. Ombeni kila mzigo wa kokoto na moramu ufunikwe turubai. Ombeni tipa zisipite kabisa saa watoto wanapokwenda shule na saa wanaporudi. Na ombeni mchepuko ugawanywe: magari madogo na boda yapite kwenu, malori yatafutiwe njia pana hata kama ni ndefu. Hilo la mwisho ndilo gumu kupatikana, kwa kuwa linagusa dizeli ya mkandarasi, lakini ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Msiliachie.

Kuhusu matuta nina neno. Jambo la kwanza wakazi huomba ni matuta, na mkandarasi huyatoa haraka kwa sababu ni rundo la moramu tu. Lori lililobeba kokoto likiruka tuta mbele ya nyumba hutikisa ardhi kuliko likipita palipo sawa, na wewe tayari una ufa. Tuta likilazimika, liwe mbali na nyumba za tofali zilizo karibu na njia. Mtu mwenye bendera kila mwisho wa mchepuko ni bora zaidi, na huyo naye tayari yumo kwenye mkataba. Zungumzeni pia na mwenyekiti wa steji ya boda iliyo karibu. Vijana wale ndio wanaopita hapo mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, na wakikubaliana wenyewe kupunguza mwendo mbele ya shule mtaona tofauti siku hiyo hiyo.

Usiku ni suala jingine na hapo msilegeze. Mchana wa ujenzi una kelele, hilo hatuwezi kulikwepa, na mimi huwaambia wakazi wasipoteze nguvu kulalamikia sauti ya greda saa nne asubuhi. Lakini kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira mwaka 2003 zilitenga usiku kuwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kwa makazi ya watu zikaweka kiwango cha desibeli 50 mchana na 35 usiku. Saiti ya ujenzi iliruhusiwa zaidi ya hapo, lakini hata yenyewe ilitofautishiwa mchana na usiku. Desibeli 35 ni kama mtu anayenong'ona chumbani. Tipa inayoshusha kokoto haina mahali kwenye kiwango hicho. Kama kuna kazi ambayo kweli haiwezi kufanyika mchana, mkandarasi atakiwe kuomba idhini kwa maandishi na kuwatangazia mapema, siku ngapi na mpaka saa ngapi.

Hapo pia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inaingia. Barabara ya namna hiyo hufanyiwa tathmini ya mazingira, na idhini hutolewa na masharti yake. Vumbi, kelele, mashimo ya kuchimbia moramu na mitaro hutajwa humo. Afisa mazingira wa jiji ni wa kumuuliza nakala. Akisita, kuna Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005: mkiandika ombi rasmi, ofisi ya serikali inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Mkipata masharti hayo, someni yote, kisha linganisheni na daftari lenu. Na kwa kuwa nimetaja mashimo ya moramu: kama kuna shimo lililoachwa wazi karibu na mtaa, liwekeni kwenye barua ya kwanza kabisa, kabla ya vumbi. Mvua ikianza hujaa maji na watoto huenda kuogelea. Kila mtu aliyefanya kazi hii anajua shimo moja la namna hiyo na mtoto aliyezama humo.

Sasa ufa. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo wakazi wanapopoteza haki yao mara nyingi, na hupotea kwa kukosa picha tu.

Nyumba nyingi za mtaani kwetu zimejengwa kwa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, nje zikapigwa plasta ya saruji, na msingi hauendi chini sana. Nyumba ya namna hiyo hupasuka kwa sababu nyingi: udongo ukikauka kiangazi, maji ya paa yakichimba msingi, mtaro ukichimbwa karibu, au rola ikitetemesha ardhi. Mkandarasi anajua hilo. Jibu lake la kwanza siku zote litakuwa kwamba ufa ulikuwepo. Na huenda wewe mwenyewe huna hakika ulianza lini, kwa hiyo kazi yako ni kuonyesha kwamba umebadilika tangu kazi ianze.

Fanya leo. Chukua kalamu ya risasi, chora kistari kifupi kwenye ncha zote mbili za ufa, pale unapoishia kabisa, andika tarehe kando yake. Kisha chagua mahali pamoja katikati ya ufa, weka rula ukiupima upana wake, piga picha ikionyesha rula na ukuta. Rudia kila wiki, siku ile ile, mahali pale pale. Ufa ukipita kistari, chora kingine na uandike tarehe mpya. Baada ya mwezi ukuta wenyewe utakuwa umeandika ushahidi. Kama ufa hausogei kabisa, basi ni wa zamani au ni wa plasta tu, na ni afadhali ujue hivyo kabla hujasimama mbele ya watu kudai.

Kwa hali ya zamani, tafuta picha za familia. Idi, harusi, mtoto alipozaliwa, watu wamekaa kitandani na ukuta uko nyuma yao. Simu za shangazi na wajomba zimejaa picha kama hizo. Ukipata moja yenye ukuta ule ukiwa mzima, yenye tarehe, umepata kitu cha thamani kubwa. Muulize pia mhandisi msimamizi kama nyumba zilizo kando ya barabara zilipigwa picha kabla kazi haijaanza. Miradi inayoendeshwa vizuri hufanya hivyo. Kama zilipigwa, dai kuona za nyumba yako. Kama hazikupigwa, wameudhoofisha utetezi wao wenyewe, na nyumba ambazo kazi bado haijazifikia zipigwe picha wiki hii, na nyinyi wenyewe msipowaona wakija.

Kisha omba jambo dogo ambalo halimgharimu mkandarasi fedha nyingi: rola ikifika mbele ya nyumba zenye ufa, mtetemo uzimwe. Rola hizo zina uwezo wa kushindilia kwa uzito wao tu bila kutetemesha. Zitahitaji kupita mara nyingi zaidi, au tabaka la udongo liwe jembamba zaidi, lakini nyumba zitapona. Mhandisi anaweza kutoa amri hiyo asubuhi na ikafuatwa mchana.

Umeuliza kuhusu fidia. Lazima nitenganishe mambo mawili.

La kwanza ni kuchukuliwa mali: kipande cha ardhi, miembe, kibanda, ukuta wa ua. Hapo Katiba ya 1995, kifungu cha 26, inasema mali isichukuliwe kabla fidia ya haki haijalipwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi kati ya UNRA na Irumba Asumani, ilithibitisha kwamba kile kipengele cha Sheria ya Utwaaji Ardhi kilichoiruhusu serikali kuingia kwanza na kulipa baadaye kinapingana na Katiba. Thamani ya mazao na majengo yasiyo ya kudumu huhesabiwa kwa viwango vinavyowekwa na bodi ya ardhi ya wilaya, na Sheria ya Ardhi inaongeza posho ya usumbufu: asilimia 15 ya kiasi kilichokadiriwa, au asilimia 30 kama mmepewa notisi ya kuondoka isiyofika miezi sita. Ulizeni viwango hivyo kabla mthamini hajafika, mhesabu miti yenu wenyewe, kila mti na umri wake. Na kama mchepuko unapita juu ya kiwanja cha mtu, huyo adai mkataba wa maandishi na mkandarasi: kodi ni kiasi gani, kwa miezi mingapi, na kiwanja kitarudishwa katika hali gani.

La pili ni madhara: ufa, matibabu, duka lililokosa wateja kwa sababu mtaro uliachwa wazi bila kivuko. Haya hayana jedwali la viwango. Hupatikana kwa kujadiliana ukiwa na ushahidi, na mikataba mingi humtaka mkandarasi awe na bima ya madhara kwa watu wengine, kwa hiyo mwambieni afungue dai kwa kampuni yake ya bima. Ikishindikana, kuna mahakama. Angalieni muda tu: kesi ya madhara dhidi ya serikali au halmashauri inatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka miwili tangu madhara yatokee. Watu husubiri ahadi mpaka muda unaisha.

Mtu akikuletea bahasha ya pole, usitie saini kabla hujasomewa neno kwa neno na mtu unayemwamini. Karatasi hizo huandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mstari wa mwisho unasema umepokea malipo yote na huna dai lingine milele. Shilingi laki mbili za leo zisikunyime ukuta wa mwakani.

Ghorofa la jirani ni njia nyingine kabisa na ni fupi. Hilo liko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013. Nendeni kwa afisa udhibiti wa majengo wa jiji, muulize kama lina kibali na kibali kina masharti gani, mweleze saa ambazo saruji inashushwa. Ana uwezo wa kusimamisha kazi. Lakini kwanza mwendeeni jirani mwenyewe, wazee wawili watatu na wewe, jioni, kwa heshima. Mtaishi naye miaka mingi baada ya ghorofa kuisha, na mara nyingi mwenye nyumba hajui kabisa fundi wake anashusha mizigo saa ngapi.

Nisikuache ukidhani kwamba wakazi wa mtaa hawasikiki. Barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal, kilomita 66, ilikuwa inajengwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Wakazi wa Bigodi na wa Nyabubale na Nkingo walilalamikia ardhi na mali iliyoharibiwa, hatari barabarani, na jambo zito kuliko yote, wasichana waliokuwa wakidhulumiwa na wafanyakazi wa ujenzi. Malalamiko yao yalifika kwenye Jopo la Ukaguzi la benki hiyo, na Desemba 2015 benki ikafuta fedha za mradi. Siwatakii barabara yenu isimame, mnaihitaji. Nimeitaja ili mjue kwamba maandishi kutoka vijijini yalifika Washington, makao makuu ya benki hiyo, na kusomwa. Nimeitaja pia kwa ajili ya mabinti. Kambi ya wafanyakazi ikikaa karibu na mtaa, wazazi waangalie, shule iambiwe, na tukio lolote dhidi ya mtoto liende moja kwa moja polisi kwenye kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia. Hilo halipelekwi kwenye kamati ya malalamiko, wala halimalizwi kwa wazee.

Najua vijana wameshaanza kusema wafunge njia kwa mawe na matairi. Waelezeni hasara yake. Siku ya fujo polisi huja, watoto wenu hukamatwa, na mkandarasi huandika kwamba amezuiwa kufanya kazi, kisha huomba muda wa nyongeza na pengine gharama za mitambo iliyokaa bure. Vumbi lenu litaongezewa miezi. Nguvu hizo hizo, watu thelathini wakifuatana kimya na barua yao hadi ofisi ya jiji na kungoja igongwe muhuri, zina uzito mkubwa zaidi.

Mwisho, kuna tarehe moja ambayo karibu kila mtaa huisahau. Barabara ikimalizika hukaguliwa na kukabidhiwa, kisha huanza kipindi cha kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi 12. Sehemu ya fedha za mkandarasi hushikiliwa; kwa kawaida nusu hutolewa siku ya makabidhiano na nusu baada ya kipindi hicho. Muulize mhandisi makabidhiano ni lini. Kabla ya siku hiyo zungukeni mtaa mzima mkiwa na daftari: mtaro unaomwaga maji kwenye ua wa mtu, kivuko kilichovunjwa na hakikurudishwa, njia ya ndani iliyochimbwa na tipa ikaachwa na mashimo, shimo la moramu lisilofukiwa, ukuta wenye vistari vya kalamu. Yaandikeni yote kwenye orodha moja, muhuri wa LC1, nakala kwa mhandisi na mwenye mradi, na muombe wakazi wawili waruhusiwe kutembea pamoja na wakaguzi. Miezi kumi baadaye, mvua moja kubwa ikishapita juu ya mitaro ile mipya, pelekeni orodha ya pili.